Akikufuata unyounyo barabarani: kwa nini nafasi iliyo mbele yako ndiyo kinga yako

Ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Giza limeanza kutanda juu ya vilima vya Kigali, na msururu wa magari unateremka kutoka Kimihurura kuelekea Rwandex. Unaendesha kwa mwendo unaoruhusiwa. Ghafla kioo chako cha kati kinajaa mwanga. Taa mbili zimekukaribia kiasi kwamba huoni tena namba ya gari lililo nyuma yako. Dereva wake anawasha taa kali mara moja, mara mbili, kisha anapiga honi. Mbele yako kuna basi lililojaa abiria, na mita chache zaidi kuna kivuko cha waenda kwa miguu.

Utafanya nini? Wengi wetu hufanya mojawapo ya mambo mawili. Aliyeingiwa na hofu hukanyaga mafuta na kulisogelea basi. Aliyeingiwa na hasira hukanyaga breki ili amtie adabu aliye nyuma. Yote mawili huongeza hatari, na kwa sababu moja: yanapunguza nafasi ambayo dereva anaihitaji ili aweze kusimama.

Kiswahili kina neno linalolifaa jambo hili. Kumfuata mtu unyounyo ni kumwandama hatua kwa hatua, bila kumpa nafasi ya kugeuka. Makala haya yanaeleza kwa nini kufuatana unyounyo barabarani ni hatari kuliko inavyoonekana, kwa nini madereva hulifanya, na nini anachoweza kufanya yule anayeandamwa, awe kwenye usukani, juu ya pikipiki au kwenye kiti cha abiria.

Hesabu ya sekunde mbili

Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata takriban mita 17 katika kila sekunde. Dereva aliye makini, asiyechoka wala kushika simu, huhitaji takriban sekunde moja tangu aone taa za breki za gari la mbele hadi mguu wake uanze kuikanyaga breki yake. Katika sekunde hiyo gari lake halijapunguza mwendo hata kidogo. Limekwisha kwenda mita 17.

Sasa chukulia kwamba dereva huyo yuko mita tano nyuma yako, umbali unaokaribia urefu wa gari dogo moja. Kwa mwendo huo, mita tano ni sawa na theluthi moja ya sekunde. Mtoto akiingia barabarani nawe ukafunga breki kwa nguvu, aliye nyuma atakuwa ameila nafasi yote kabla mguu wake haujaigusa breki. Ubora wa breki zake hautamsaidia, wala uzoefu wake wa miaka ishirini. Hana muda wa kuvitumia.

Ndiyo maana miongozo ya udereva katika nchi nyingi hupendekeza nafasi isiyopungua sekunde mbili kati ya gari na gari. Sekunde ya kwanza ni ya kuona na kutambua. Ya pili ni akiba kwa ajili ya breki, tairi na makosa ya kibinadamu. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sekunde mbili ni takriban mita 22. Kwa kilomita 60 ni mita 33. Kwa kilomita 80, mwendo wa barabara nyingi kuu nje ya mji, ni mita 44.

Hakuna haja ya kubeba utepe wa kupimia. Chagua kitu kisichosogea kando ya barabara, kama nguzo ya taa, mti au kibao. Gari la mbele likikipita, anza kuhesabu bila haraka: mia moja na moja, mia moja na mbili. Ukikifikia kitu hicho kabla hujamaliza, umekaribia mno.

Mvua ikinyesha, hesabu hiyo iongezwe hadi sekunde nne. Jambo hili lina uzito wake katika mji wenye misimu miwili ya mvua, ule wa Machi hadi Mei na ule wa Septemba hadi Desemba. Mvua za kwanza baada ya kiangazi ndizo za kuogopwa zaidi, kwa kuwa maji huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyojikusanya juu ya lami, na barabara huteleza kabla haijasafishika.

Kisha kuna miteremko. Gari linaloteremka kutoka Ruyenzi kwenda kwenye daraja la Nyabarongo, au kutoka Shyorongi kuingia Nyabugogo, husukumwa mbele na uzito wake lenyewe. Breki zikikanyagwa kwa muda mrefu hupata moto na kupoteza nguvu. Lori lenye mzigo huchelewa kusimama zaidi ya gari dogo hata likiwa zima kabisa. Kwa hiyo anayekaa mbele ya lori kwenye mteremko, na anayekaa nyuma yake, wote wanahitaji nafasi kubwa kuliko ile ya barabara tambarare.

Anayekuandama anapata faida gani?

Hili ni swali ambalo anayeandama huenda hajawahi kujiuliza. Tuliangalie kwa hesabu ile ile. Dereva aliyeacha nafasi ya sekunde mbili kwa mwendo wa kilomita 60 yuko mita 33 nyuma yako. Dereva anayekubana yuko mita tano. Tofauti yao ni mita 28. Kwa mwendo huo, mita 28 hukatwa kwa muda usiofika sekunde mbili.

Hiyo ndiyo faida yake yote. Akienda Kimironko au akienda Huye, ilimradi hajakupita, ataingia chini ya sekunde mbili mapema kuliko ambavyo angeingia akiwa na nafasi salama. Mwendo wenu ni mmoja. Kusogea karibu hakuliongezei gari la mbele kasi.

Hesabu hii ina maana ya pekee nchini Rwanda. Tangu mwaka 2015, amri ya Rais imeyataka magari ya kibiashara ya abiria na malori yafungwe vidhibiti mwendo, vifaa visivyoruhusu gari kuzidi kilomita 60 kwa saa. Dereva wa basi unayemwandama kwenye barabara ya Kigali kwenda Musanze huenda amekanyaga mafuta hadi mwisho. Umwashie taa, umpigie honi, hana cha kukupa. Kifaa hicho hakisikii honi.

Kuna pia kamera za mwendo ambazo Polisi ya Taifa ya Rwanda imezifunga kando ya barabara kuu. Dereva anayeheshimu mwendo kwa sababu ya kibao na kamera mara nyingi huandamwa na asiyejali, au na anayejua kamera zilipo na kutaka kukimbia katikati yake. Faini huandikiwa gari lililopita mbele ya kamera. Aliyekusukuma hatakusaidia kuilipa.

Kwa nini basi watu hulifanya?

Si kila anayefuata unyounyo ni mtu mwenye shari. Wengi wamelizoea bila kutambua. Asubuhi, foleni ya kutoka Nyabugogo husogea kwa mwendo wa mtu anayetembea, na hapo nafasi ya mita moja au mbili haina madhara makubwa. Foleni inapofunguka, mwendo hupanda hadi kilomita 30, 40, kisha 60, lakini dereva huacha nafasi iwe ile ile. Macho yamezoea kuiona sehemu ya nyuma ya gari la mbele kwa ukubwa fulani, na akili haipigi kengele.

Wengine huziba nafasi kwa makusudi. Malalamiko yao yanajulikana: ukiacha mita 30 mbele yako hapa Kigali, motari mmoja anaingia, kisha wa pili, kisha gari dogo. Ni kweli, wataingia. Lakini gharama yake ni ndogo. Kila gari linaloingia, nawe ukajenga upya nafasi yako, linakurudisha nyuma kwa takriban sekunde mbili. Wakiingia kumi kati ya Remera na katikati ya mji, umechelewa sekunde ishirini. Na motari aliyeingia mara nyingi hupenya na kuendelea na safari yake, akakuachia nafasi yako kama ilivyokuwa.

Wako pia wenye haraka ya kweli. Huwezi kujua kama gari lililo nyuma yako limembeba mama anayekaribia kujifungua au mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Kutojua huko ni sababu nzuri ya kutoichukulia taa yake kama tusi. Kijana wa mjini atakuambia kwamba amedharauliwa. Mzee wa Biryogo atamjibu kwamba haraka haraka haina baraka, na kwamba anayekimbilia baraka hiyo usimzibie njia.

Mambo ya kufanya ukiandamwa

La kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote: ongeza nafasi iliyo mbele yako. Hili huwashangaza wengi, kwa kuwa hatari wanaiona nyuma. Lakini nafasi ya nyuma iko mikononi mwa mtu mwingine. Ya mbele iko mikononi mwako. Aliye nyuma akikuachia theluthi ya sekunde, basi wewe acha sekunde tatu au nne mbele yako. Basi likisimama ghafla, hutalazimika kufunga breki kwa nguvu. Utapunguza mwendo taratibu, na kwa kufanya hivyo utampa aliye nyuma yako muda aliojinyima mwenyewe. Nafasi yako ya mbele inawalinda ninyi wawili.

La pili: punguza mwendo kwa kuinua mguu kwenye mafuta, si kwa kukanyaga breki. Unapojua kwamba utasimama, tuseme kwa kuwa umeona watu wanasogelea kivuko, gusa breki kidogo mapema ili taa zako za nyuma ziwake, kisha endelea kupunguza. Katika mji huu ambapo madereva wengi huwasimamia waenda kwa miguu, kivuko ni mahali pa hatari ya namna yake. Wewe umemwona mtoto. Aliye nyuma yako anaona gari lako tu.

La tatu: mwache apite. Kwenye barabara ya njia mbili kwa kila upande, hamia njia ya kulia mara inapokuwa salama. Kwenye barabara nyembamba, tafuta mahali pa kuegea: kituo cha mafuta, maegesho, au sehemu pana ya kando. Usiingie kando ya barabara kwa pupa, kwani mifereji ya maji katika vilima vyetu ni mirefu, na nyingi haina kingo. Washa ishara mapema, punguza polepole, toka, acha apite, kisha rudi. Utapoteza nusu dakika.

La nne: endelea na mwendo ule ule mpaka upate mahali hapo. Dereva anayesukumwa akaongeza mwendo hujikuta anaandamwa kwa kilomita 80 badala ya 60. Kadiri mwendo unavyopanda, umbali wa kusimamia hupanda kwa kasi kubwa zaidi: mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali ambao breki zinahitaji huzidi takriban mara nne.

Usiku kuna jambo la ziada. Taa za anayekuandama zikikuumiza macho, geuza kitufe kidogo kilicho chini ya kioo cha kati, kama gari lako linacho, ili mwanga upungue. Ukikosa, elekeza macho upande wa kulia wa barabara na usikitazame kioo muda mrefu.

Mambo ya kuepuka

Usifunge breki ghafla ili kumtisha. Ni kweli kwamba katika ajali ya kugongwa kwa nyuma lawama mara nyingi humwangukia aliyegonga. Lakini aliyefunga breki kwa makusudi anaweza kulaumiwa naye, na lawama ya mwenzake haimponyi shingo mtoto aliyekaa kiti cha nyuma.

Usimwonyeshe ishara za mkono, usishushe kioo kumjibu, na usishuke kwenye gari akikusimamia. Akianza kukufuata kutoka barabara moja hadi nyingine, usimpeleke nyumbani kwako. Endesha hadi penye watu na mwanga, kwenye kituo cha mafuta au kituo cha polisi.

Usimpe ruhusa ya kukupita kwa kutumia taa za kugeukia. Madereva wa malori ya masafa marefu katika Afrika Mashariki wana mazoea ya kuwashiana taa hizo kuashiria kwamba mbele ni peupe. Si ishara rasmi, na aliye nyuma anaweza kudhani kwamba unageuka. Tena mazoea hayo huvuka mpaka vibaya: Tanzania, Kenya na Uganda huendesha upande wa kushoto, ilhali Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huendesha upande wa kulia. Anayeizoea taa ya upande fulani ng'ambo ya daraja la Rusumo anaweza kuielewa kinyume upande huu.

Malori ya Tanzania yaliyo kwenye barabara ya Rusumo, Kayonza na Rwamagana yanahitaji uangalifu mwingine. Mengi yana usukani upande wa kulia. Katika barabara zetu, dereva wake amekaa upande wa mtaro, mbali na katikati ya barabara. Ili aone kama njia ya mbele ni nyeupe, hulazimika kujitokeza zaidi kuliko dereva wa usukani wa kushoto. Ukilisogelea lori hilo kwa nyuma, unatoweka machoni pake. Kanuni ni rahisi: kama huvioni vioo vyake vya pembeni, naye hakuoni.

Abiria na motari

Wengi wanaosoma makala haya hawana gari. Lakini basi linapoandama gari lingine, maisha yaliyo hatarini ni ya abiria. Zamani mabasi madogo ya Kigali yaliitwa twegerane, yaani tusogeleane, kwa sababu ya jinsi abiria walivyobanana ndani. Kusogeleana kwa abiria kulikuwa adha tu. Kusogeleana kwa magari ni hatari ya mauti.

Kampeni ya Gerayo Amahoro, maneno ya Kinyarwanda yanayomtakia msafiri afike salama, ilizinduliwa na Polisi ya Taifa mwezi Mei 2019 kwa ajili ya kubadili tabia za watumiaji wote wa barabara. Abiria ana nafasi yake humo. Anaweza kumwambia dereva kwa adabu, na sauti ya watu watatu husikika kuliko ya mmoja. Maneno kama "Ndugu dereva, tupe nafasi kidogo mbele, tuna watoto humu" hayamvunjii mtu heshima.

Juu ya pikipiki hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa hakuna bati linalokukinga. Motari anayeandamwa na gari asijibane ukingoni kabisa, mahali ambapo gari litashawishika kumpita bila nafasi. Ashike nafasi inayoonekana, apunguze polepole, kisha atoke pembeni penye usalama. Abiria wake amwombe afanye hivyo, na ahakikishe kofia yake ya kinga imefungwa kidevuni.

Sheria inasemaje?

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unamtaka dereva aliye nyuma aache nafasi ya kutosha ili asiligonge gari la mbele likipunguza mwendo au kusimama ghafla. Nchini Rwanda, amri ya Rais namba 85/01 ya tarehe 2 Desemba 2002 imekuwa kwa miaka mingi msingi wa kanuni za barabarani. Kwingineko adhabu zimeainishwa waziwazi. Ufaransa huhesabu sekunde mbili kama kiwango cha chini cha nafasi kisheria. Ujerumani madereva hufundishwa kuacha mita zisizopungua nusu ya mwendo wao: ukienda kilomita 100, acha mita 50. Uingereza, tangu Agosti 2013, polisi wanaweza kumtoza faini ya papo hapo anayemwandama mwenzake.

Ukiandamwa kwa namna inayotisha, mwombe abiria wako aandike namba ya gari, rangi yake na mahali mlipo. Usishike simu wewe mwenyewe huku ukiendesha. Hilo nalo ni kosa. Namba ya dharura ya polisi ni 112, ya ajali za barabarani ni 113, na ya gari la wagonjwa ni 912.

Kioo kina pande mbili

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufariki kila mwaka katika ajali za barabarani duniani, na zaidi ya tisa katika kila kumi hufia katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Umoja wa Mataifa umejiwekea lengo la kuvipunguza vifo hivyo kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Lengo hilo linahitaji barabara bora na sheria kali, lakini linahitaji pia jambo ambalo halina gharama, nalo ni nafasi kati ya gari na gari.

Kesho asubuhi, foleni ya Nyabugogo itakapofunguka, chagua nguzo moja na uhesabu. Kabla ya kumlaumu aliye kwenye kioo chako, hakikisha kwamba dereva aliye mbele yako anaiona namba ya gari lako kwenye kioo chake.